Kivuli, Kipimo na Majibu: Kiswahili mbele ya Mashine Inayosoma Picha za Kifua

Matini ya mhadhara wa hadhara wa taaluma za Kiswahili, Mafiga, Morogoro



Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na zaidi kwa kuikubali mada ambayo haijazoeleka katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Bila shaka wapo miongoni mwenu waliolisoma tangazo wakajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika chumba cha eksirei. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mapema: anatafuta maneno. Mashine zinazosoma picha za kitabibu hazikufundishwa kwa picha peke yake. Nyingi zilifundishwa kwa picha pamoja na maneno ambayo madaktari waliandika kuhusu picha hizo. Tena, zikisha kusoma, hutoa tarakimu ambayo sharti mtu aigeuze kuwa sentensi mbele ya mgonjwa. Na hapa Mafiga, sentensi hiyo ni ya Kiswahili. Kwa hiyo mashine imefungwa na lugha mbele na nyuma. Makusudio yangu ni kuyaangalia mafundo hayo mawili.

Ruhusa yenu nianze na panya.

Wakazi wa Morogoro hawahitaji kuelezwa habari za panya buku wa SUA. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limekuwa likiwafundisha panya hao kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengine hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Magawa, aliyezaliwa nchini na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa nchini Uingereza mwaka 2020. Wengine hufundishwa kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya aliyehitimu hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi.

Panya hafundishwi kanuni. Hakuna amwambiaye kwamba harufu ya ugonjwa ina sifa hii na ile. Hupewa sampuli nyingi, nyingine zenye vimelea na nyingine zisizo navyo. Akitulia juu ya tundu lenye sampuli ambayo maabara imekwisha kuthibitisha kwamba ina vimelea, hupewa chakula. Baada ya miezi kadhaa hutofautisha, na hakuna ajuaye kwa uhakika anafuata nini hasa. Watumiaji wake wana busara: panya akiashiria sampuli ambayo hospitali iliiona safi, sampuli hiyo hurudishwa maabara ikathibitishwe. Panya hashuhudii ugonjwa. Anaonyesha pa kutazama.

Hivyo ndivyo mashine inavyojifunza kusoma picha. Picha ya eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, kwa kompyuta si mapafu wala mbavu. Ni jedwali kubwa la namba, kila namba ikieleza weupe au weusi wa nukta moja. Mtandao wa nyuroni bandia hupokea namba hizo, ukazizidisha kwa namba nyingine ziitwazo uzito, tabaka baada ya tabaka, mpaka mwisho ikabaki tarakimu moja. Mwanzoni uzito huo ni wa kubahatisha na tarakimu haina maana. Ndipo tarakimu hulinganishwa na lebo ambayo binadamu ameiambatisha na picha, na kila uzito husogezwa kidogo upande wa kupunguza kosa. Kazi hiyo hurudiwa mara maelfu kwa maelfu. Fikra hii si ngeni: Fukushima wa Japani aliiandikia mwaka 1980. Kilichobadilika, hasa tangu mwaka 2012, ni wingi wa picha na nguvu za kompyuta.

Panya na mashine wanatofautiana mahali pamoja tu, nami nawaomba wanafunzi wapazingatie. Lebo ya panya hutoka maabara, ambako mtu ameviona vimelea kwa hadubini. Lebo ya mashine, mara nyingi, imetoka katika sentensi.

Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za vifua vya wagonjwa 30,805. Hakuna daktari aliyekaa akazibandika upya lebo picha zote hizo. Programu ilipitishwa katika ripoti zilizokuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, ikachuma humo majina ya maradhi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stanford kikatoa hazina nyingine, ya picha 224,316 za wagonjwa 65,240, nazo zilipewa lebo kwa njia hiyohiyo. Yaani kabla mashine haijatazama picha hata moja, kulikuwa na mashine nyingine iliyosoma nathari. Kama ile ya kwanza ilikosea kusoma, ya pili imerithi kosa.

Neno mafiga, kama mjuavyo, ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Hapa mawe ni picha, neno, na ukweli ulio nje ya vyote viwili, yaani ule wa maabara. Watu wa kompyuta wamelitunza sana jiwe la kwanza. La pili ni letu sisi wa lugha, na tumeliacha porini.

Daktari anaposoma picha, hasemi tu ndiyo au siyo. Husema inawezekana, huenda, haiwezi kukanushwa, inafanana na. Waliotengeneza hazina ya Stanford walilitambua jambo hili wakaweka lebo ya tatu, ya shaka, kati ya kuwepo na kutokuwepo kwa dalili. Kisha wakajaribu njia mbalimbali: kuihesabu shaka kuwa ndiyo, kuihesabu kuwa siyo, kuiacha kando, au kuifanya kundi linalojitegemea. Hawakupata njia moja iliyofaa kwa dalili zote. Kwa maneno mengine, neno moja la shaka katika kalamu ya daktari halina uzito mmoja. Uzito wake unategemea ugonjwa unaozungumzwa. Mwanasemantiki yeyote angewaambia hivyo bure.

Sasa tujiulize: ripoti hizo zingekuwa za Kiswahili, ingekuwaje? Wapo wanaodhani kwamba lugha yetu ingeshindwa kwa uchache wa istilahi. Sikubaliani nao. Istilahi si tatizo kubwa. Tangu BAKITA ianzishwe mwaka 1967 tumeunda istilahi nyingi kuliko tulizozitumia. Ugumu uko katika sarufi, na ni ugumu wenye manufaa.

Tazameni ukanushi. Programu za awali za kusoma ripoti za Kiingereza, kama ile ijulikanayo kwa jina la NegEx ya mwaka 2001, hutafuta neno la kukanusha lililosimama peke yake karibu na jina la ugonjwa. Kiswahili hakikanushi hivyo. Tunasema kivuli kinaonekana, kivuli hakionekani: ukanushi umeingia ndani ya kitenzi, sehemu mbele kwa kiambishi, sehemu nyuma kwa irabu ya mwisho. Programu inayotafuta neno linalojitegemea ingepita juu ya hakionekani kama gari linavyopita juu ya daraja, isijue kwamba chini kuna mto. Zaidi ya hayo, tuna hakikuonekana, na tuna hakijaonekana. Hiki cha mwisho kinabeba tarajio: hadi sasa la, lakini mlango haujafungwa. Mgonjwa aliyeambiwa kivuli hakijaonekana atarudi akizidi kukohoa. Aliyeambiwa hakuna kivuli, huenda asirudi. Tofauti ya viambishi ni tofauti ya miezi ya matibabu.

Vivyo hivyo kwa maneno ya shaka. Huenda, labda, yamkini, yaelekea: kamusi zetu hufasiri moja kwa jingine, kana kwamba ni sarafu za thamani moja. Masikio yangu yanasikia vingine. Yaelekea ina ushahidi nyuma yake. Labda haidai ushahidi wowote. Yamkini ina adabu ya mwanazuoni. Sijaona tasnifu iliyowaketisha madaktari na wauguzi wazungumzao Kiswahili ikawauliza kila neno katika haya wanalipa uzito gani kati ya sifuri na mia. Nawaachia wanafunzi mada hiyo, wala sidai haki yoyote juu yake.

Itasemwa kwamba nazungumzia ripoti ambazo hazipo, kwa kuwa kumbukumbu za hospitali zetu huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Mgonjwa hueleza kwa Kiswahili, daktari huandika kwa Kiingereza, kisha humfafanulia mgonjwa kwa Kiswahili tena. Lakini mazoea si amri ya mbinguni. Mahakama zetu, isipokuwa zile za mwanzo, nazo ziliandika kwa Kiingereza mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2021. Tena, kwingineko wengine hawakungoja. Hispania ilitoa hazina ya picha zaidi ya 160,000 kutoka hospitali moja ya Alicante, na ripoti zake ni za Kihispania. Wavietnamu walikwenda njia nyingine, wakawaketisha madaktari wao bingwa waweke lebo moja kwa moja juu ya picha 18,000.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili kingeziponya mashine hizi. Zina maradhi yake ambayo hayahusiani na lugha. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mashine iliyofundishwa kutambua homa ya mapafu ilikuwa, kwa sehemu, imejifunza kutambua hospitali. Mafundi wa eksirei huweka alama ndogo ya chuma kuonyesha upande wa kulia au wa kushoto, na kila hospitali ina alama zake na mahali pake pa kuziweka. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa homa ya mapafu. Mashine ikaona njia ya mkato: tazama chuma, kisia ugonjwa. Hali kadhalika, katika ile hazina ya mwaka 2017, picha nyingi zenye lebo ya hewa iliyovuja kifuani zilikuwa za watu waliokwisha kuwekewa mrija wa kuitoa. Mashine inayoujua mrija itapata alama za juu katika mtihani, kisha itamkosa mtu anayeingia hospitali kwa mara ya kwanza, bila mrija, akihema. Mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani anamjua mwanafunzi wa namna hiyo.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mababa wa elimu hii na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024, alisema hadharani kwamba ufaa wakati wa kuacha kuwafundisha wataalamu wa radiolojia, kwani katika miaka mitano mashine zingewapita. Miaka mitano ilipita, na vyuo vinaendelea kuwafundisha. Hata hivyo, ingekuwa kosa kuicheka mashine. Nchi za Magharibi huiogopa kwa sababu inaweza kumpokonya mtaalamu kazi. Kwetu hoja ni tofauti, kwa kuwa vipo vituo vingi vyenye mashine ya eksirei ambavyo havina mtaalamu wa kupokonywa.

Habari hii ilianzia karibu nasi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ambayo jina lake limetoka katika mji wa mkoa huu, pamoja na wenzao wa Uswisi na Uholanzi. Waliipima programu iitwayo CAD4TB kwa picha za vifua vya watu walioshukiwa kuwa na kifua kikuu. Ulikuwa miongoni mwa majaribio ya awali ya aina yake barani Afrika. Wala si mara ya kwanza nchi hii kuwa mwalimu wa wengine katika ugonjwa huu: Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa uongozi wa kitaalamu wa Karel Styblo, ndio uliozaa mkakati uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Mwaka 2021 Shirika hilo likapendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja picha za kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mtoto wa miaka sita hayumo.

Neno kuchuja ndilo kiini. Programu hutoa tarakimu, tuseme kati ya 0 na 100. Mtu huamua mpaka: walio juu yake watoe makohozi, walio chini waende nyumbani. Mpaka huo naupendekezea neno kizingiti, ambalo tunalo tayari. Aliyevuka kizingiti ameingia ukumbini, hajaingia chumbani. Vizingiti haviko sawa kila mahali, na Shirika lenyewe linashauri kila nchi ipime chake. Utafiti mkubwa wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, ulizipima programu tano kwa picha za watu 23,954. Zote ziliwashinda wasomaji binadamu wa huko, na zote zilififia zilipofika kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Sababu ya hao wa pili si ngumu kuikisia: ugonjwa uliopona huacha kovu, na kwa mashine kovu na kidonda hufanana.

Niruhusuni hesabu ndogo. Tuchukue watu 1,000, na tuseme, kwa mfano tu, 10 kati yao wana kifua kikuu. Tuchukue programu inayofikia kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2014 kwa kipimo cha kuchuja: iwanase wagonjwa 90 katika kila 100, na iwaache wazima 70 katika kila 100. Kati ya wagonjwa 10, itawanasa 9. Kati ya wazima 990, itawaacha 693 na kuwanasa 297. Waliovuka kizingiti ni 306, na wenye ugonjwa kati yao ni 9. Programu imefanya kazi nzuri: imewapunguza watu 1,000 wa kupimwa makohozi wakawa 306, na imemkosa mmoja. Lakini watu 297 wazima wamesimama katika foleni ya pili, na kila mmoja atauliza swali moja: nimekutwa nacho?

Hapo ndipo lugha yetu ya kila siku inapokuwa na hatari. Tunasema mtu amepigwa picha. Kitenzi kupiga kina familia kubwa, na katika familia hiyo yumo pia kupiga ramli. Tunasema amepima, tukimaanisha amepimwa. Tunasema amekutwa na TB, kama mwizi anavyokutwa na mali. Na zaidi ya yote tunasema majibu: nenda kachukue majibu, majibu yametoka. Jibu hufunga swali. Mgonjwa aliyeteremka kutoka Mgeta au Matombo, aliyelipa nauli na kupoteza siku ya shamba, hakuja kuchukua tarakimu. Amekuja kuchukua jibu, na akikabidhiwa 74 ataisoma kama jibu. Atajitenga na watoto au ataficha karatasi. Neno kivuli nalo halisaidii. Kwa mtaalamu ni sehemu ya picha isiyopenyeka vizuri kwa mionzi. Kwa wengi wetu kivuli ni kitu cha mtu aliyesimama nyuma yako.

Wenzetu wa kamati za istilahi, ambao nawaheshimu, wametumia nguvu nyingi katika jina la elimu yenyewe. Wengine wanataka akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Mimi napendelea unde, kwa kuwa kitenzi kuunda kinaonekana ndani yake, ilhali bandia inanuka udanganyifu, na Mnemba kwa wengi ni kisiwa cha kaskazini-mashariki ya Unguja. Lakini mjadala huo naufananisha na ule wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi: watumiaji waliumaliza wenyewe wakati sisi tungali tunaitisha vikao. Kazi ya haraka zaidi iko chini ya jina, katika sentensi kumi au kumi na mbili ambazo muuguzi atazisema kila siku baada ya mashine kutoa tarakimu. Hakuna aliyezisanifu. Kila mmoja hubuni zake, wengine kwa hekima, wengine kwa haraka ya foleni.

Napendekeza zisanifiwe, na zisisanifiwe mezani. Tuandike rasimu, twende nazo vituoni, tumwambie mtu sentensi, kisha tumwombe aturudishie kwa maneno yake alichokielewa. Tukianza, ningependa tujaribu hii kwa aliyevuka kizingiti: “Kompyuta imeona katika picha yako mahali panapohitaji kupimwa zaidi. Bado hatujajua ni nini. Tunaomba makohozi, na kipimo hicho ndicho kitakachotuambia.” Haina neno kivuli wala majibu, na kukutwa hakumo. Kiambishi -ja- kinafanya kazi yake halali. Kompyuta imeona, haikusema. Anayesema ni muuguzi. Na kwa aliyebaki chini ya kizingiti: “Katika picha hii hatujaona dalili. Ukiendelea kukohoa kwa wiki mbili, rudi.”

Mtaalamu mmoja wa tiba niliyemwonyesha rasimu hii aliniambia kwamba sentensi ya kwanza ni ndefu mno kwa kituo chenye watu sitini mlangoni, na kwamba wagonjwa wake, wakisikia hatujajua, watadhani wameangukia mikononi mwa wasiojua. Hoja yake ya kwanza nimeikubali, na ninaendelea kuipunguza. Ya pili bado tunabishana. Kwa hiyo nitafurahi, Mheshimiwa Mwenyekiti, maswali yakianzia hapo, na hasa yakianza na wauguzi waliomo ukumbini.